Kisanduku cha Fomu ya Mwalimu Rukia

Shamim mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana tumeamkiana asubuhi kwenye chai na wewe bado ni mtu wa nyumba hii mpaka basi la kesho. Nakuandikia nikiwa ofisini kwetu Kamwokya. Mlango nimeurudisha, na nimemwambia jirani wa saluni kwamba leo sipokei mteja. Wewe umeshuka soko la Owino kutafuta begi na sweta ya baridi ya Nairobi. Nakujua ukifika kwenye masweta, hurudi upesi, kwa hiyo nina saa mbili tatu za kuandika.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako mdogo Zainabu atakupokea ukishuka, atakuonyesha pa kulala, na atakuchosha kwa maagizo kuliko mimi, maana tumetoka tumbo moja ila mdomo alipewa yeye. Swala, chakula, watu wa kuwa nao na wa kuepuka, hayo kama hukuyapata katika miaka ishirini na mitatu chini ya paa langu, karatasi hii haitakupa.

Nataka kukuandikia habari ya kisanduku kimoja tu. Unakijua. Unakwenda Nairobi kuuza simu na vifuniko vya simu katika duka la Zainabu. Duka si aibu kwetu. Tangu babu wa babu yangu alipopanda kutoka pwani na mizigo yake, ukoo wetu umekula dukani. Lakini wewe hukulitaka duka. Wewe tangu kidato cha pili ulitaka kutengeneza tovuti, na unaiacha kazi hiyo kwa sababu kisanduku cha kuchagulia, kwenye fomu moja, kilimshinda Mwalimu Rukia, akakosa nafasi yake ya mafunzo. Jumapili iliyopita uliifuta vumbi kompyuta yako, ukakunja waya wake vizuri, ukaiweka juu ya meza yangu. Ukasema, "Mama, hii utaitumia wewe. Mimi kazi hii siijui." Nami nikajibu, "Haya." Neno hilo moja limenikaa kooni wiki nzima, na leo nataka kulitoa.

Lakini lazima nianzie mbali kidogo, univumilie. Ukiona nazunguka, ujue ni woga.

Mimi nilijifunza kazi hii katika chumba cha intaneti hapa hapa Kamwokya, kabla hujazaliwa. Nilikuwa mpokeaji wa wateja; kazi yangu ilikuwa kuwaandikia muda na kuwafukuza ukiisha. Wakipungua, nilikuwa nafungua ukurasa wowote, nabonyeza pale panapoonyesha maandishi yake ya ndani, nasoma kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Hakuna aliyenifundisha. Siku nilipofaulu kuweka maneno mawili bega kwa bega, nilipiga vigelegele peke yangu, wateja wakageuka wote.

Kazi ya wakati ule ilikuwa ya ujanja mtupu. Vivinjari, hizo programu za kufungulia kurasa, havikujua kitu. Ukitaka safu mbili, unajenga jedwali, na ndani ya jedwali jedwali jingine. Ukitaka kisanduku chenye kona za mviringo, unachora picha nne, moja kwa kila kona, unazibandika. Ukitaka nafasi tupu ikae mahali pake, unaweka picha isiyoonekana ndani yake iishikilie. Nilijua ujanja wote huo, na kwa ujanja huo nilipata jina. Watu walikuwa wanasema, nenda kwa yule dada wa Kiswahili, yeye anaweza. Chini ya kila ukurasa niliandika kwa fahari kwamba tovuti hii inaonekana vizuri katika kivinjari fulani tu, na nikikutajia ni kipi utacheka mpaka uanguke. Ni sawa na kumkaribisha mgeni nyumbani kisha kumwambia aje kwa viatu vya rangi fulani.

Kisha vivinjari vikaanza kujifunza. Kona za mviringo zikawa mstari mmoja. Safu zikawa mistari miwili mitatu. Wenzangu walifurahi. Mimi nilifurahi mdomoni, ila moyoni, Shamim, nakuambia kweli, kila kivinjari kilipojifunza kitu kipya niliona kimenipokonya. Nilijiuliza mwenyewe, kama hata kona inajikunja, mimi wanahitaji nini kwangu? Ndiyo maana simu zilipoingia nilichelewa. Niliendelea kutengeneza kurasa pana za kompyuta na kusema watu wenye shughuli za maana watakaa mezani. Siku moja nilimwona mama muuza matooke katika soko letu hapa ameshika simu, anafungua ukurasa wa kikundi chao cha akiba, ukurasa nilioutengeneza mimi. Aliuvuta kulia, akauvuta kushoto, akaupanua, akaupoteza, akafunga, akairudisha simu kifuani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sikujitambulisha. Nilinunua mikungu yake miwili bila kuuliza bei nikaondoka.

Hilo lingetosha kunifunza. Halikutosha.

Ukaja wewe, ukawa na yako. Uliporudi kutoka chuo ulikuwa na kitu kipya kila wiki. "Mama, njoo uone." Kadi inayojipima kwa nafasi iliyopewa badala ya kupima kioo kizima, kwamba ukiiweka pembeni inajikunja na ukiiweka katikati inajitandaza, bila mtu kuiambia. Vichwa vya habari vinavyogawana maneno sawasawa, neno moja lisibaki yatima kwenye mstari wa pili. Ukurasa unaoyeyuka ukaingia mwingine bila hata mstari mmoja wa programu. Dirisha dogo ambalo kivinjari chenyewe kinalifungua na kulifunga. Na siku ile uliyonionyesha kwamba sasa kisanduku cha nje kinaweza kubadilika kwa sababu ya kilichotokea katika kisanduku cha ndani yake, wakati miaka yote amri zilikuwa zinashuka tu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ulinitazama kwa lile jicho lako ukasema, "Mama, hata vivinjari vimekubali mzazi amsikilize mtoto. Umebaki wewe."

Nilicheka. Kisha nikauliza swali langu la siku zote, "Na kwenye simu za zamani je?"

Nilidhani hilo ni swali la hekima. Mara nyingi lilikuwa hekima kweli, nawe ulikiri. Lakini nililitumia pia kama fimbo, kukunyamazisha. Na wewe hukunyamaza, ulijifunza jibu. Ulisema kitu kipya kikiwekwa vizuri, kivinjari kinachokijua kitakionyesha, na kisichokijua kitakiruka na kuonyesha cha zamani, na mtu atafanya shughuli yake vilevile. Ulisema, "Uzuri unaweza kukosekana, Mama, lakini kazi isikosekane." Nakumbuka ulikuwa unamenya ndizi uliposema hivyo. Nilikusikia nikajifanya nashughulika na jiko.

Sasa fomu.

Hajati Nuriati alipotuletea kazi ya chama chao cha walimu, fomu ya kuomba nafasi katika mafunzo ya kufundisha watoto wasioona, nilikuachia uifanye yote peke yako. Ilikuwa kazi yako ya kwanza yenye jina lako. Nilijua kwa nini uliitia moyo. Mwalimu Rukia, aliyekufundisha kusoma darasa la tatu pale Kyebando kabla macho yake hayajazimika, alikuwa anaitaka nafasi ile. Mafunzo ni mara moja kwa mwaka na nafasi ni chache. Anayewahi ndiye anayepata. Yeye alitaka kurudi darasani. Ulikwenda kwake mara tatu na kompyuta mgongoni, ukakaa barazani kwake, naye akiwa na simu yake inayosoma kioo kwa sauti, ile sauti anayoiita mzungu wake. Ulirudi umejaa furaha. Ulinihadithia jinsi mzungu alivyosema, "Kituo, orodha ya kuchagua," naye akagonga mara mbili, orodha ikafunguka, akashuka kituo kimoja cha mafunzo baada ya kingine mpaka akafika chake, akapiga makofi.

Kile kisanduku cha orodha ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Wewe na mimi tunajua, lakini nitaandika kana kwamba hujui, ili nijisikie ninavyosema. Kisanduku cha kuchagulia ndicho kitu kilichotutesa sisi wachora tovuti miaka yote. Kila kitu kwenye fomu tuliweza kukipaka rangi isipokuwa hicho. Kivinjari kilikichora kinavyotaka chenyewe, kijivu, na orodha yake nyeupe, na mteja akiuliza kwa nini hakifanani na vingine huna la kumjibu. Kwa hiyo tulighushi. Tulificha kisanduku cha kweli au tulikitupa kabisa, tukajenga cha uongo kwa vipande vitupu na programu, kikawa kizuri, kina rangi ya mteja, kinafunguka kwa madaha. Mimi nina cha kwangu nilichokijenga mwaka ulioanza kutembea. Nimekitumia kwenye kila kazi. Kilikuwa kama sahihi yangu.

Na wewe ukaja na habari kwamba vivinjari vipya sasa vinakubali kisanduku cha kweli kipakwe rangi. Cha kweli chenyewe. Ukatumia hicho. Katika simu yako kilikuwa na kijani cha chama na alama ndogo mbele ya kila kituo. Katika kivinjari kisichojua mambo hayo, kilibaki kile kijivu cha zamani, kikifanya kazi yake. Ndivyo ulivyokusudia.

Siku ya Ijumaa, wewe ukiwa umekwenda kumtazama bibi yako hospitali, Hajati alinipigia simu.

"Mama Shamim, hii form nafungua kwa simu ya mzee wangu, ile box ya centre iko tu grey. Iko kama ya ofisi ya serikali. Color yetu iko wapi, nyabo?"

Nikafungua hapa ofisini. Na hapa ofisini, kama unavyojua na ulivyonisema mara ngapi, nilizima masasisho ya kivinjari kwa sababu yalikuwa yanakula bando. Kivinjari changu kilikuwa cha zamani kama simu ya mzee wake. Nikakiona kisanduku kijivu. Sikujiuliza lolote. Nilisema moyoni, huyu mtoto ameona uvivu. Anazungumza mambo makubwa na kisanduku kimoja kimemshinda.

Sikukupigia simu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilichukua kisanduku changu cha zamani, nikakipaka kijani, nikakiweka mahali pa chako. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, kupandisha faili moja kwa moja kwenye seva, juu ya faili lako, bila kuhifadhi nakala wala alama. Dakika ishirini. Nikampigia Hajati, akafurahi. "Eh, sasa iko smart! Wewe ni mukubwa wa kazi." Nami, mwanangu, nilitabasamu hapa peke yangu. Nilihisi tena kama yule dada wa Kiswahili anayeweza. Nataka ujue kwamba nilitabasamu.

Kisanduku changu kina kasoro ambayo sikuwahi kuijua, kwa kuwa sikuwahi kukaa na mtu asiyeona hata siku moja. Kwa macho ni kisanduku. Kwa sauti si kitu. Mzungu wa Mwalimu Rukia alisoma "Chagua kituo," kisha akapita, kana kwamba ni maneno yaliyoandikwa ukutani. Hakumwambia kwamba hapo kuna orodha. Alipogonga, orodha ilifunguka kwa macho tu. Sauti haikusema neno. Na fomu haikukubali kutumwa bila kituo. Maombi yalipofunguliwa Jumatatu alijaribu, akajaribu tena Jumanne. Alikupigia Jumanne hiyo, nawe ulikuwa na bibi chumba cha daktari, simu umeizima. Alimwomba mtoto wa jirani amsaidie jioni, na jioni nafasi zilikuwa zimekwisha.

Jumatano Hajati alikuja hapa. Wewe ulikuwepo. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Shamim, teacher amelia. Anasema uliketi na yeye, ukamwonyesha, alafu ukabadilisha. Anasema ulimsahau." Nilikuona uso ulivyobadilika. Ulisema, "Sikubadilisha kitu, Hajati. Nilijaribu naye mwenyewe." Ukanigeukia mimi.

Hajati hakuunganisha, kwake ile ya Ijumaa ilikuwa rangi tu; mimi nilielewa, nikajifanya natafuta risiti kwenye droo.

Ukasema unakwenda kumnunulia Hajati soda, kisha utarudi uifungue fomu uone. Na wewe ulipotoka, wakati Hajati anapokea simu yake nje, nilirudisha kisanduku chako. Ulikuwa umeacha nakala kwenye kompyuta ya ofisi, niliiona, nikaipandisha. Uliporudi na soda ukafungua fomu ukakuta kila kitu ni chako, kila mstari. Ukawasha sauti ya simu yako, ukajaribu, kikafanya kazi. Ukajaribu mara tano. Sitasahau ulivyokaa pale ukijaribu, ukitafuta kosa katika kazi isiyokuwa na kosa. Kama ungelikuta kosa ungelirekebisha na ungeendelea kuishi. Hukulikuta. Kwa hiyo ukahitimisha kwamba kuna kitu katika kazi hii ambacho wewe huwezi kukiona na hutakaa ukione.

Nimekwisha kuliandika.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mimi pia, na majibu ya kwanza yaliyonijia yalikuwa ya kujipamba: kwamba nililinda jina la ofisi, kwamba nilitaka kukuambia baadaye tukiwa tumetulia, kwamba bibi alikuwa mgonjwa. Uongo. Ilikuwa wivu, Shamim. Ulikuwa umefanya kwa mistari kumi kilichonichukua mimi miaka kukighushi, na chako kilikuwa cha kweli. Nilipokiona kijivu, kuna sehemu yangu iliyofurahi. Mama hapaswi kuandika hivyo kwa mwanawe, lakini nimeona tayari matokeo ya mambo ambayo mama hayaandiki. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa, kisha nikaficha.

Na nikuambie kitu ambacho nimekifahamu wiki hii tu, nikiwa na umri huu. Ujanja wangu wote wa ujana ulikuwa mzuri kwa siku zake. Ulibeba watu mpaka vivinjari vilipojifunza kutembea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kazi yangu ni ule ujanja. Kazi ilikuwa yule mama wa matooke, aufungue ukurasa asome. Kama kivinjari kinaweza kumsaidia kuliko mimi, nilipaswa kukipisha nikafanye kingine. Wewe ulilijua hilo bila kufundishwa, na ukakaa barazani kwa mtu mara tatu kuhakikisha. Mtu anayefanya hivyo kazi anaijua. Sikuambii haya kukubembeleza. Nakuambia kama fundi anayemwangalia fundi.

Jana nilikwambia nakwenda kumwona bibi. Nilipitia Kyebando kwanza. Mwalimu Rukia alikuwa anachambua mchele kwa vidole, akasimama aliposikia sauti yangu, akasema, "Mama Shamim, karibu, ketia hapa." Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia, bila kupunguza. Aliendelea na mchele wake. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe. Mimi naambia mzungu yangu asome tena, anasoma tena, anapita tu. Nikafikiri hata mzungu amezeeka." Nilianza kumwomba radhi. Akaniinulia mkono. "Shamim anajua?"

"Bado, Mwalimu."

"Kale, sawa. Basi hiyo pole yako weka kwanza. Umeleta kwa mtu wa pili. Mimi nimepoteza mwaka moja, nitangoja ingine. Yule mtoto anaenda kupoteza zote."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Hajati. Huyo hakuwa mpole safari hii. "Banange, Mama Shamim! Na wewe uliketi hapo ukaangalia mtoto anaharibikiwa?" Alisema nafasi ya mwaka huu haiwezi kurudi, orodha imekwisha kutumwa, na hilo ni kweli, silipambi. Alisema pia kwamba kwenye mkutano wa chama atasimama aeleze nani aliyebadilisha fomu. Nimemwambia asimame, na nitakuwepo. Usiku nilishindwa kula na ukaniuliza kama nina malaria.

Sikuandikii haya ili ubaki. Zainabu anakungoja, tiketi unayo, na huenda Nairobi itakufaa kuliko ofisi ya mwanamke aliyekufanyia hivi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi ndiye anayechagua kama atarudi kwenye moto, si koleo, wala si mama yake. Ukiamua kuuza simu, ziuze kwa sababu umependa kuziuza. Ukiamua kurudia kazi yako, huko au popote, irudie ukijua kwamba haijawahi kukushinda. Leo asubuhi nimewasha masasisho ya kivinjari hapa ofisini; yamechukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na yalipomaliza nimefungua fomu yako nikaiona kwa mara ya kwanza ilivyo. Kile kijani umekipatia.

Sasa la mwisho, kisha niweke kalamu. Nilipoanza barua hii nia yangu ilikuwa kuichomeka chini ya nguo zako, uipate Nairobi, mimi nikiwa huku na hasira yako ikiwa kule. Nimefika hapa nikaona ni tabia ile ile, kukufanyia jambo nyuma ya mgongo wako. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukishaweka mizigo yako chini, na nitakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Ukitaka kupaza sauti, paza. Jirani wa saluni amekwisha kusikia mabaya zaidi. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, nitaupokea mgongo wako. Nimekwisha kumwambia Mwalimu, nimekwisha kumwambia Hajati. Umebaki wewe, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kwanza.

Mama yako